Mwizi Mwenye Sura ya Alute

Luqmani wa Ikungi ana mkono wa kompyuta, hilo hakuna anayebisha. Tatizo lake ni mdomo. Unafunguka pasipotakiwa, na siku unapotakiwa ufunguke, unakuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Kibanda chake cha gemu kiko nyuma ya duka la dada yake Nasma, kando ya barabara ya Dodoma. Vibanda vya gemu viko vingi siku hizi, lakini kwa Luqmani vijana hawakuwa wanaenda kucheza tu. Walikuwa wanaenda kujiona. Alikuwa na gemu moja la mjini, lile la kukimbizana kwa magari, limejaa maghorofa ya Wazungu na polisi wanene. Luqmani alilivua nguo zote akalivisha za kwetu. Kuta za maghorofa zikawa matofali ya kuchoma, barabara ikawa na vumbi jekundu, milima ya pembeni ikapata mawe yetu makubwa yale yaliyopandiana. Polisi mmoja akapewa sura ya mwenyekiti wa kitongoji, naye mwenyekiti alipokuja kujitazama alikaa na pedi ya kuchezea mkononi mpaka mkewe akamfuata.

Kazi yenyewe si uchawi, ni uvumilivu. Ndani ya folda ya gemu kila kitu kina picha yake. Ukuta una picha, shati lina picha, hata uso wa mtu una picha, umetandazwa bapa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani, sikio huku na sikio kule. Unaichukua hiyo picha, unapachika ya kwako juu yake, unahakikisha macho yamekaa mahali pa macho, kisha unaihifadhi kwa jina lilelile la zamani na kuirudisha ulipoitoa. Gemu halina habari. Linafungua faili lake kama kawaida na kumtoa mtu mwenye sura mpya. Vijana wanaiita skini. Ukikosea kidogo tu, mtu anatembea mjini na meno kwenye paji la uso.

Sasa huyo Alute. Alute ni Mnyaturu wa Issuna, mchuuzi wa kuku. Alikuwa na pikipiki, na nyuma ya pikipiki tenga, akizunguka vijijini kuwakusanya kuku kwa akina mama. Aliwachukua kwa mali kauli: leo anaondoka nao, akishauza ndipo anarudi na fedha ya mwenyewe. Fikiria hapo. Mwanamke hakupi jogoo wake kwa sababu una pikipiki, anakupa kwa sababu anakuamini. Alute hakuwa na duka wala shamba la maana. Alikuwa na jina zuri, basi, na jina hilo ndilo lililomlisha yeye na mkewe Janeth.

Yeye na Luqmani walikuwa watani. Babu yake Luqmani alikuwa Mnyamwezi, alikuja na biashara kutoka Tabora akaoa Singida akabaki, na wajukuu zake waliurithi utani wake na Wanyaturu kama walivyorithi duka. Lakini utani wa wengine ni wa msibani na harusini. Wa hawa wawili ulikuwa wa kila siku.

"Nasma!" Alute alikuwa akipaza sauti tangu barabarani. "Mtumwa wangu yupo? Umemlisha leo?"

"Mwizi wa kuku kaja!" Luqmani alikuwa akijibu kutoka kibandani. "Fungeni mabanda!"

Na watu wote walikuwa wakicheka, kwa sababu kila mtu pale Ikungi alijua kwamba Alute hajawahi kuchukua hata yai lisilo lake. Ungekuwa na ukweli kidogo, usingekuwa utani, ungekuwa shitaka.

Katika lile gemu kulikuwa na mwizi. Kila ukifika sokoni anachomoka, watu wanapiga kelele, na mchezaji lazima amkimbize mpaka amwangushe. Mwizi huyo alikuwa na sura ya kizungu isiyomhusu mtu yeyote. Luqmani akamtazama, akamtazama Alute, akaanza kucheka peke yake.

Alute alikubali mwenyewe, hilo lisemwe. Alisimama ukutani akapigwa picha ya mbele, ya kulia na ya kushoto, amevaa shati lake la njano na kofia yake ya sufi. Ila aliweka sharti moja.

"Isitoke humu ndani," alisema. "Hapa wanajua sisi ni watani. Huko nje mimi natembea na kuku wa watu."

"Nikutoe nikupeleke wapi? Nani anakutaka?" Luqmani akamjibu. "Haitoki. Nakuahidi, mtumwa wangu."

Skini ile ilimtoa kama alivyo. Siku ya kwanza Alute alikaa kwenye benchi akajikimbiza mwenyewe sokoni, shati la njano likipepea mbele, akajiangusha chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Nimejikamata!" akapiga kelele. "Jamani, nimejikamata!" Kibanda kizima kilikuwa hoi. Nasma tu, aliyekuja na chai, hakucheka, alitazama kidogo akarudi dukani.

Ingeishia hapo, kusingekuwa na cha kusimulia. Lakini alikuja Michael. Michael ni kijana wa Nduguti, kule Mkalama, alikuwa ndio kwanza amefungua kibanda chake cha gemu karibu na ofisi mpya za serikali. Alikuja Ikungi kwa shughuli zake, akapelekwa kwa Luqmani, akatazama. Akasema hajaona kitu kama kile hata Dodoma. Akasema Luqmani angekuwa Ulaya angekuwa anaandikwa magazetini. Sifa ni kitu kibaya sana kwa mtu aliyekaa na njaa yake. Kabla chai haijapoa, Luqmani alikuwa ameshachomeka flashi na kumkopia folda nzima, kuta, vumbi, mawe, polisi, na mwizi.

Alilikumbuka lile sharti? Alilikumbuka vizuri tu. Akajiambia Nduguti ni mbali. Mbali! Mtu mwenye akili zake, mwenye pikipiki, mwenye simu, anasema Nduguti ni mbali.

Msimu ukapita, alizeti ikavunwa. Halafu siku moja Alute akaja kibandani uso unang'aa.

"Nimepata soko," alisema. "Nduguti. Wafanyakazi wa zile ofisi wanataka kuku wa kienyeji, na wachuuzi wa kule hawawatoshi. Juzi nimepeleka tenga moja, wameisha asubuhi ileile. Mama mmoja wa ofisi ya kilimo kaniambia nije kila siku ya mnada."

Luqmani alikuwa ameshika pedi. Aliiweka chini.

"Ila watoto wa kule sijui wana nini," Alute akaendelea. "Wananitazama, wananong'onezana. Wengine walinifuata nyuma wanacheka, nikigeuka wanakimbia. Au nimefanana na mtu?"

Hapo sasa. Hapo ndipo mdomo ulipotakiwa ufunguke. Angesema tu: ndugu yangu, nimekosa, sura yako iko Nduguti, usiende. Alute angemtukana yeye na babu yake na Tabora yote, na mambo yangekwisha. Lakini ahadi alikuwa ameshaivunja. Aliona aibu, na aibu ilikuwa na nguvu kuliko yeye.

"Watakuwa hawajawahi kuona mtu mbaya kama wewe," alisema.

Alute akacheka, akaenda zake. Nasma, aliyesikia kila neno kutoka dukani, alikuja akasimama mlangoni.

"Mwambie."

"Nitalirekebisha, dada."

"Sijasema urekebishe. Nimesema mwambie. Utani ni wenu wawili. Umeuchukua ukaupeleka kwa watu wasioujua, wao watauona nini zaidi ya mwizi?"

"Nitalirekebisha kabla hajarudi kule. Hatajua hata kidogo."

Akafanya kweli. Alikaa na ile picha bapa ya uso wa Alute akaifuta kipande kwa kipande, nyusi, mashavu, kovu dogo la kidevuni, akatengeneza sura nyingine isiyo ya mtu yeyote, na shati la kijivu. Akapanda pikipiki mpaka Singida mjini, akapitia Iguguno, akaingia Nduguti vumbi limemjaa masikioni.

Michael alimpokea vizuri lakini hakulipenda jambo lenyewe. "Huyo mwizi ndiye anayeniletea wateja," alilalamika. "Watoto wanamwita Shati Njano. Wanatoka vijijini kuja kumkimbiza. Umwondoe, wataenda kucheza nini?"

"Ni mtu, Michael. Ni mtu wa kweli, na ni mtani wangu."

"Mtu wa kweli?" Michael alishangaa. "Mimi nilijua umemtoa kwenye intaneti."

Luqmani alifungua kompyuta moja baada ya nyingine, akabadilisha faili, akaliwasha gemu na kwenda mpaka sokoni ahakikishe. Kila mara mwizi alichomoka na shati la kijivu. Hata kwenye flashi ya Michael aliifuta ile kopi. Watoto waliokuwa wakisubiri zamu waliguna. "Shati Njano kaenda wapi?" mmoja aliuliza. "Katoroka," mwenzake akamjibu.

Alirudi Ikungi mwepesi. Akamwambia Nasma kazi imekwisha. Nasma alikuwa anapima sukari, hakuinua kichwa. "Na hao watoto waliokwisha kumwona?" aliuliza. Luqmani akasema watoto husahau haraka.

Siku chache baadaye Alute alipita na tenga limejaa, kuku wamebanana, vilemba vyekundu vimetoka kwenye matundu. Amevaa shati la njano. Luqmani alitoka nje mpaka kwenye pikipiki. Safari hii alitaka kusema, wallahi alitaka. Alishika usukani wa pikipiki ya mwenzake, akafungua mdomo.

"Badilisha hilo shati," ndicho kilichotoka. "Unanuka."

"Nikibadilisha utanitambuaje, mtumwa?" Alute akampiga kofi la mgongo, akawasha pikipiki.

Luqmani alibaki amesimama kando ya barabara. Alijiambia faili zimeshabadilishwa, kwa hiyo hakuna neno.

Simu ya Michael iliingia adhuhuri. Michael alikuwa analia, tena mtu mzima.

Alieleza hivi. Alute alifika mnadani, akateremsha tenga, akaanza kuuza. Watoto wakapita, wale wa kibandani. Wakamwona. Wala hawakupiga kelele za ubaya, na hilo ndilo linalouma. Walipiga kelele za furaha, kama mtu aliyemwona mwanamuziki anayempenda. "Shati Njano! Huyu hapa! Mwizi wa kuku! Yuko hapa, hakutoroka!" Wakawa wanarukaruka wakimnyooshea vidole. Alute akacheka. Alizoea kuitwa hivyo, alidhani utani umefika mpaka huku. Wanasema aliwapungia mkono.

Lakini wakubwa hawakulijua lile gemu la kibandani. Walisikia mwizi wa kuku, wakageuka, wakaona mgeni anacheka na tenga la kuku. Mwanamke mmoja ambaye banda lake lilivunjwa wiki hiyo akasema, "Kumbe!" Akawasogelea kuku, akamshika jogoo mmoja, akasema huyu ni wangu. Hakukuwa na mtu aliyeuliza swali la pili. Jiwe la kwanza lilitoka nyuma. Yule mama wa ofisi ya kilimo, mteja wake, ndiye aliyejitupa juu yake na kupiga mayowe kwamba anamjua, mpaka polisi wakafika. Bila mama huyo, tungekuwa tunazungumza habari ya kaburi.

Jicho la kushoto halikupona. Taya liliungwa kwa waya. Luqmani alikwenda hospitalini Singida mara nyingi, lakini Alute alikuwa hawezi kuongea, na Janeth alikaa kando ya kitanda akimwangalia mumewe tu. Luqmani aliweka uji mezani, akasimama kidogo, akaondoka. Kila mara aliondoka na maneno yake tumboni.

Polisi walimwachia Alute bila shitaka, kwani shitaka lenyewe lingekuwa lipi. Mwanamke wa Nduguti alimtazama vizuri yule jogoo akakuta siye. Lakini habari inayotembea haibebi mambo yote. Iliyofika Issuna ilikuwa fupi: Alute kapigwa Nduguti, kakamatwa na kuku wa wizi.

Ndipo Luqmani alipoamua kuusema ukweli, sasa ulipokuwa hauna kazi tena. Alizunguka Issuna nyumba kwa nyumba, kwa wale akina mama waliokuwa wakimpa Alute kuku. Alikaa kwenye vigoda, akaeleza habari ya gemu, ya picha, ya folda, ya faili lenye jina lilelile. Walimsikiliza kwa adabu. Bibi mmoja, Maria, ambaye Alute alimbebea kuku tangu ujana wake, alimwacha amalize.

"Shikamoo yako nimeipokea, mjukuu wangu," alisema. "Sasa niambie. Wewe ulimwona akiiba humo kwenye kompyuta?"

"Hapana, bibi. Mimi ndiye niliyemweka. Ni utani."

"Ulimweka. Lakini alikuwa anaiba."

"Ni picha tu, bibi. Haikuwa kweli."

Bibi Maria alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma. "Hiyo mashine ingemjuaje, kama hajawahi?"

Luqmani akaanza kueleza upya. Kila alivyoeleza, ndivyo mwizi alivyozidi kuwa Alute. Nyumba nyingine walikuwa hawajasikia kabisa, wakasikia kwake. Alipoondoka Issuna jioni ile, alikuwa ameimaliza kazi aliyoianza mwenyewe kibandani.

Kurudi kibandani hakuweza. Alizima kompyuta, akamwambia Nasma aweke magunia ya chumvi humo. Vijana walikuja kubisha siku chache, wakaacha.

Alute alipotoka hospitali, Luqmani aliacha mvua za kwanza zipite, ndipo akaenda. Alimkuta amekaa nje ya nyumba, kipande cha kitambaa juu ya jicho, anapukuchua mahindi. Pikipiki haikuwepo. Uani hakukuwa na hata kifaranga.

Luqmani alisimama mbali kidogo. Neno lake la siku zote, lile la mwizi wa kuku, lilikuwa haliwezekani tena, na hakuwa na jingine alilolizoea. Akajaribu.

"Bado hujafa tu, mtumwa wangu? Nilishaandaa koti la kuja nalo msibani."

Alute aliinua kichwa. Ule upande mmoja wa uso uliobaki mzima haukukasirika, na haukucheka.

"Karibu, bwana Luqmani," alisema. Alisema taratibu, taya halikuwa limekaa sawa. "Habari za Ikungi? Dada hajambo? Janeth, mletee mgeni kiti."

Janeth alileta kiti, akakifuta kwa khanga. "Karibu, kaka," alisema, yule Janeth ambaye zamani angemmwagia maji ya vyombo na kumwambia shemeji ujinga amerudi.

Walizungumza habari za mvua. Walizungumza mbegu za alizeti, kama zitafika mapema mwaka huu. Alute aliuliza kila swali ambalo mtu mwenye adabu humuuliza mgeni, na Luqmani akajibu yote, jasho likimtoka. Mwishowe hakuweza kuendelea hivyo.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpa Michael ile skini. Ulinikataza nikampa. Na ulipokuja kuniambia habari za wale watoto, nilijua, nikanyamaza. Hata ile asubuhi nimeshika pikipiki yako, nilijua."

"Najua," Alute akasema. "Michael alikuja hospitali, akaniambia yote."

Aliendelea kupukuchua. Punje zilidondoka kwenye ungo.

"Nimekusamehe," alisema.

Jamani, mtu asiyejua utani angefurahi hapo, angeshukuru Mungu akashika njia. Lakini kati ya watani hakuna msamaha, kwa sababu hakuna kosa. Mtani anakuchukulia mbuzi wako akachinja, anakutukania baba yako msibani, na wewe unangoja zamu yako tu. Wa kusamehewa ni mtu baki.

"Usinisamehe," Luqmani alisema. Aliteremka kwenye kiti akachuchumaa chini, mbele ya ungo. "Alute, usinifanyie hivyo. Nitukane. Nitukane mimi na babu yangu, nitukane mbele ya mke wako. Niite chochote."

Alute alimtazama kwa jicho lile moja. Alifungua mdomo kidogo, kama mtu anayetafuta neno alilokuwa nalo. Akaufunga.

"Siwezi, bwana," alisema. "Nimejaribu hata kwa watani wengine. Nikitaka tu kucheka, nawasikia wale watu."

Akaweka ungo pembeni, akasimama kwa kushikilia ukuta, akampa Luqmani mkono amwinue. Kisha akamsindikiza mpaka barabarani, taratibu, akimwuliza kama Nasma bado anauza mafuta ya alizeti, na akamshukuru kwa kuja kuwaona.